Farasi wamenikaa kichwani. Hii ni afya au ni ugonjwa?

FundiWaMtoni

Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Nina swali, na naomba mnijibu kama mnavyomjibu dada yenu. Kucheka mtacheka, ila mngoje nimalize.

Mimi ni fundi cherehani, Mtoni kwa Azizi Ally, miaka 43, mume na watoto watatu. Nashona sare za shule. Mtaani wananijua kama Mama Rehema wa sketi za bluu, na hadi miaka mitatu iliyopita mnyama mkubwa niliyewahi kumgusa alikuwa ng'ombe wa Idi, tena akiwa kashalazwa chini.

Leo hii nawaza farasi. Siyo kwamba nawapenda tu, maana kupenda ni jambo la kawaida. Nawawaza. Nakata kitambaa, nawawaza. Niko kwenye daladala, nikiona mtu kavaa buti naangalia kisigino kama kitakaa vizuri kwenye kikuku, kile chuma cha kukanyagia ukiwa juu ya farasi. Juzi mteja kainamisha kichwa nimpime kola, mkono wangu ukaenda wenyewe ukampapasa shingo chini ya nywele, vile unavyompapasa mnyama kumtuliza. Akageuka: "Mama Rehema, vipi?" Nikamwambia nilikuwa natafuta ulipo mfupa.

Ilivyoanza ni hivi. Fundi viatu jirani yangu aliniletea mgeni mmoja kabeba matandiko mawili yaliyochanika. Siyo lile tandiko lenyewe la ngozi, ni kile kitambaa kinene kinachokaa chini yake kunyonya jasho. Akaniuliza kama naweza kumshonea sita. Nikapapasa: juu turubai laini, katikati sponji, chini pamba, mishororo ya kushikilia kila baada ya vidole vitatu. Nikasema naweza, ila mimi sishoni nguo bila kumpima mvaaji. Akadhani natania. Jumapili yake nikavuka daraja kwenda Kigamboni na tepu shingoni.

Jina la banda nalihifadhi. Kulikuwa na farasi saba, na wa kwanza kunipa ni jike mwenye rangi ya halua, na jina lake ndilo hilo hilo, Halua. Saisi, yaani mtunza farasi, akamshika hatamu. Akaniambia nipitishe tepu kuzunguka kifua, nyuma tu ya miguu ya mbele. Sentimita 174. Kisha toka ncha ya bega hadi mfupa wa tako, 155. Mzee yule akachukua kijiti akaandika mchangani: 174 mara 174, mara 155, gawanya kwa 11,880. Jibu likaja kilo 395. Akasema kwenye banda lisilo na mizani ndivyo wanavyojua uzito wa farasi ili wampe dawa ya minyoo kwa kipimo chake.

Jamani, miaka ishirini na mbili nimetembea na tepu shingoni, sikujua kama inasoma kilo.

Wakati natoa tepu mkono wangu ukabaki pale nyuma ya kiwiko cha mguu wa kushoto, nikausikia moyo wake. Ulikuwa unapiga pole pole mno, nikadhani mnyama anaumwa. Saisi akatazama saa yake, akahesabu, mapigo 36 kwa dakika. Akasema huo ni mzima kabisa, ndivyo farasi aliyetulia anavyopiga. Wangu sikuuhesabu lakini ulikuwa unakimbia. Halua akageuza kichwa akaninusa sikio. Basi, nikaishia hapo.

Malipo tukakubaliana nusu pesa, nusu mafunzo, maana saa moja ya kufundishwa pale kwangu mimi ni ufundi wa sketi nane. Nikajifunza haraka kuliko walivyotegemea, na najua sababu. Mwendo wa matiti, yaani ule wa farasi kukimbia taratibu, una mapigo mawili, moja mbili, moja mbili, na wewe juu unainuka na kukaa kwa kufuata pigo. Mtu aliyekanyaga cherehani ya miguu tangu usichana, pigo hilo halimpi tabu. Ukimwongeza kidogo anaingia mwendo wa mapigo matatu, halafu kuna pumziko dogo miguu yote ikiwa hewani. Mwendo ule farasi anapumua mara moja kila hatua. Pumzi na kwato zinakwenda pamoja, na ukikaa sawasawa na wewe unajikuta unapumua naye. Kwenye pumziko lile dogo ada ya shule haipo, kodi ya fremu haipo, mteja aliyekopa haonekani. Haifiki hata nusu sekunde. Nusu sekunde ile naitafuta wiki nzima.

Sasa mabaya yangu.

La kwanza, pesa ya mchezo. Zamu yangu ilipofika mwezi wa tatu nilipokea laki nne. Nilimwambia mume wangu nimenunua mashine ya ovaloki ya mtumba. Nilinunua kofia ngumu na buti. Buti zinakaa dukani ndani ya kiroba cha vipande vya khaki.

La pili, mwezi wa sita nilianguka. Upepo ulipeperusha kipande cha turubai toka uani, Halua akaruka pembeni, mimi nikaendelea mbele. Nikatua kwa bega la kushoto. Mtulinga, ule mfupa wa kati ya shingo na bega, ukavunjika. Nyumbani nikasema nimeteleza bafuni. Mume wangu hakuuliza mara mbili. Siku ya pili alirudi toka kazini na zulia la mpira la kuzuia utelezi, akapiga magoti akalitandika mwenyewe. Kila nikioga nalikanyaga.

La tatu, Januari iliyopita nilichelewesha sketi sitini, na Januari kwa mshona sare ndiyo mwaka mzima. Halua alikuwa anaumwa tumbo, nikalala bandani siku mbili. Nyumbani nilisema niko msibani.

Mume wangu hajui yote, ila anajua ninakokwenda Jumapili na anajua nimebadilika. Anasema, "Wewe si mzima." Mama mkwe kasema waziwazi kwamba nina pepo, nipelekwe nikatolewe. Anasema pepo akimpanda mtu humfanya kiti chake. Nilimjibu kwamba mimi sijapandwa, mimi ndiye napanda. Hakucheka.

Ila na mimi najiuliza. Mgongo ulioniuma miaka kumi kwa kuinamia mashine umenyooka. Nalala. Siwapigii watoto kelele kama zamani. Na hapo hapo nimekuwa mwongo, mimi ambaye hata mita ya kitambaa siibi. Naomba mniambie: huu ni uzima au ni maradhi? Kama ni maradhi, tiba ni kuacha kabisa?

KobeWaBuguruni

Mama Rehema, pole na mtulinga. Kabla sijajibu naomba nijue kitu kimoja: huyo shemeji yetu anashabikia timu gani?

Nauliza kwa sababu mimi ni mtu wa Yanga. Siku ya watani wa jadi naingia Kwa Mkapa saa nne asubuhi kwa mechi ya jioni. Tukifungwa sili, siongei, na Jumatatu kazini napita mlango wa nyuma. Nimewahi kukosa harusi ya binamu yangu, mke wangu alikwenda peke yake akasema nina homa. Katika miaka yote hiyo hakuna mtu aliyewahi kusema Kobe ana pepo, atolewe. Wanasema Kobe ni mwanachama.

Mwanamke wa miaka 43 akipata kitu kinachomtoa nyumbani Jumapili, kikao cha ukoo kinaitishwa. Hilo tu lilinikera nikaona niandike. Kwenye ile laki nne sikutetei, hapo umetukosea hata sisi tusiohusika.

SaisiMzee

Dada, mimi nimeshika farasi tangu 1998, kwanza Arusha, kisha hapa Dar. Nimestaafu kwa sababu ya goti. Wapenda farasi nimewaona wengi, wenye pesa na wasio nazo, wazungu, wahindi, waswahili. Unachokisema nakijua.

Kwanza nikwambie kwa nini unaonekana kichaa mtaani kwako. Nchi yetu haikuzoeana na farasi. Sehemu kubwa ina mbung'o, na mbung'o akimuuma farasi anamwachia nagana, ugonjwa wa jamii moja na malale ya binadamu. Kisha kuna ugonjwa wa farasi wa Kiafrika, unaletwa na visubi, vile vidudu vidogo vya jioni na alfajiri. Ukimpata asiyechanjwa mara nyingi huondoka naye, wakati mwingine asubuhi yuko sawa na kesho yake hayupo. Ndiyo maana bandani tunawaingiza kabla jua halijazama. Punda anavumilia zaidi, kwa hiyo punda tunao, farasi hatuna. Mtu wa Dar farasi anayemwona ni yule wa polisi, tena kwa mbali. Mngekuwa mnaishi nchi ambayo kila kijiji kina farasi, mama mkwe wako angekuuliza bei tu.

Sasa swali lako. Mimi sipimi kwa saa wala kwa pesa. Napima kwa jambo moja. Farasi akichechemea, huyu mtu anafanyaje?

Nilikuwa na mama mmoja akija kila siku, kila siku kabisa, na mumewe alikuwa analalamika kama wako. Siku farasi wake alipopata jipu ndani ya kwato, yule mama alikuja wiki mbili mfululizo hakupanda hata mara moja. Alikuwa anakaa juu ya ndoo, anaulowesha mguu kwenye maji ya moto na chumvi, anaongea naye. Mumewe alimwona mwehu. Mimi niliona mtu mzima wa akili. Halafu nilikuwa na kijana mwingine anakuja Jumamosi tu, saa moja, mpole, analipa vizuri. Nikamwambia leo farasi anachechemea mguu wa nyuma. Akasema, "Mzee, kidogo tu, nimeingoja wiki nzima." Huyo wa saa moja kwa wiki ndiye mgonjwa. Alikuwa hamwoni tena farasi, alikuwa anaona ile saa yake.

Wewe ulilala bandani siku mbili kwa tumbo la Halua. Farasi hawezi kutapika, kaumbwa hivyo, kikishaingia tumboni kinachovuruga hakina njia ya kurudi. Ndiyo maana tumbo linamuua mnyama wa kilo 400 wakati mbuzi anapona. Ukimwona anaparua chini kwa kwato, anageuka kuangalia ubavu wake, anataka kulala na kubingirika, unamwita daktari wa mifugo hapo hapo na kunakuwa hakuna kulala. Kwa hiyo siku mbili zile mimi sizihesabu kama ugonjwa. Uongo wa msiba nauhesabu. Msiba si kitu cha kusingizia, unaita.

Na kile kipimo cha 11,880, aliyekufundisha ni saisi mzuri. Msalimie, hata kama simjui.

MuuguziTemeke

Mama Rehema, mimi ni muuguzi, nipo upande wa mifupa na mazoezi ya viungo. Nitaanza na la haraka kwa sababu hujaligusa na limenikosesha raha: chanjo ya pepopunda unayo?

Vijidudu vya pepopunda vinaishi kwenye udongo na kwenye kinyesi cha wanyama, na kinyesi cha farasi ni mojawapo ya makao yake. Wewe unashinda bandani, na kazi yako ni ya sindano na mkasi, vidole havikosi tundu. Jina lenyewe limeshakwambia, pepo na punda. Mama mkwe wako anatafuta pepo, basi huyo ndiye pepo wa kuogopa. Nenda kituo cha afya chochote, uliza.

La pili ni kofia. Naelewa imekula pesa ya mchezo, lakini katika vitu ulivyonunua ndiyo pekee nisiyoilaumu. Anayeanguka toka juu ya farasi anaanguka kichwa kikiwa zaidi ya mita mbili juu ya ardhi. Kumbuka Christopher Reeve, mwigizaji wa Marekani aliyejulikana kwa kuigiza shujaa anayeruka angani. Mwezi Mei 1995, Virginia, farasi wake alisimama ghafla mbele ya kizuizi, yeye akatangulia. Alivunjika shingo, akapooza toka mabegani kwenda chini hadi alipofariki 2004. Alikuwa amevaa kofia, na alikuwa mpandaji mwenye mazoezi. Kofia inaokoa ubongo, shingo haiwezi. Sikwambii uache, nataka ujue umekalia nini.

Upande wa pili wa mizani yupo Lis Hartel wa Denmark. Polio ilimpata 1944 akiwa mjamzito, ikamwacha hana nguvu chini ya magoti. Alirudi juu ya farasi. Olimpiki ya Helsinki 1952 alipata medali ya fedha, akishindana na wanaume, na alikuwa anasaidiwa kupandishwa na kushushwa. Kisa chake ndicho kilichowafanya wengi Ulaya waanze kuwapandisha farasi wagonjwa wenye ulemavu kama sehemu ya tiba. Sababu yake kimwili ni rahisi: farasi akitembea, mgongo wake unakusukuma nyonga mbele, nyuma, kushoto na kulia karibu vile vile unavyosukumwa ukitembea kwa miguu yako. Misuli ya tumbo na ya mgongo inafanya kazi bila wewe kuiamrisha. Kwa hiyo ukisema mgongo wako wa cherehani umenyooka, nakuamini, sihitaji picha ya eksirei.

Kuhusu neno "ugonjwa". Shirika la Afya Duniani lina orodha yake ya magonjwa, toleo la 11, ilianza kutumika Januari 2022. Katika uraibu usio wa dawa wala pombe wameandika kamari na michezo ya kompyuta. Farasi hawamo. Lakini vinavyoangaliwa kwenye hivyo viwili tunaweza kuviazima: je, umeshindwa kujizuia? Je, jambo hili limepanda juu ya mengine yote, kazi na nyumba? Na je, unaendelea hata linapokuumiza?

Kwa hiyo nina swali moja tu, na ujibu kweli. Mtulinga unahitaji wiki sita hadi nane kwa mtu mzima. Wewe ulirudi kupanda wiki ya ngapi?

BintiWaShangani

Mimi nataka nimjibu mama mkwe tu. Mwambieni afungue msahafu, Suratul Aadiyaat, aone Mola ameapa kwa nini mwanzo wa sura. Ameapa kwa farasi wanaokwenda mbio wakihema. Hao ndio anaotaka watolewe?

Na huku kwetu Unguja mwanamke juu ya farasi si jambo geni. Bint Salme, mtoto wa Sayyid Said, alijifunza kupanda akiwa mtoto. Baba yake huyo huyo alituma jahazi lake la Sultana hadi New York mwaka 1840, na katika zawadi za rais wa Marekani walikuwemo farasi wawili wa Kiarabu. Rais hakuruhusiwa kuwachukua wawe wake, wakauzwa. Nawaonea huruma wale farasi hadi leo, wamevuka bahari yote ile kwenda kunadiwa.

FundiWaMtoni

Nimerudi. Nilichelewa kwa sababu nilikuwa sijui niseme nini kwa dada muuguzi.

Wiki ya nne. Nilirudi wiki ya nne, mkono bado kwenye kitambaa cha kuning'iniza. Saisi alikataa kunipandisha. Nikasubiri aende kuswali adhuhuri, nikapanda kwenye ngazi ya kupandia, mkono mmoja. Dakika kumi, kutembea tu. Hakuna aliyeniona. Baada ya kusoma ile habari ya kijana wa Jumamosi nililala macho wazi, maana nilijua na mimi nimo. Farasi hakuwa anachechemea, aliyekuwa anachechemea ni mimi. Sijui Mzee hilo analipimaje.

Chanjo nimechoma Jumatano, bega limeniuma siku mbili. Bega la kulia, nilikataa lile jingine lisiguswe.

Mume wangu nilimwambia Alhamisi usiku. (Kobe, yeye ni Simba, kwa hiyo najua unaelekea kusema nini, usiseme.) Nilimwambia kwa mpangilio, kama ninavyoeleza mteja kilichoharibika kwenye nguo yake: ovaloki haipo, msiba haukuwepo, bafuni sikuteleza. Nikaenda nikaleta kofia na buti nikaziweka juu ya meza. Alizitazama muda mrefu. Akachukua kofia, akaigonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akaigonga tena. Kisha akasema, "Na lile zulia nilinunua elfu kumi na nane."

Hilo tu. Akaenda kulala. Afadhali angenifokea.

Jumapili sikwenda. Nilikaa dukani, nikamaliza mashati ishirini na mbili, na sitawadanganya kwamba nilijisikia vizuri. Saa tano, saa ambayo huwa nafunga mkanda wa tumbo wa Halua, nilikata kitambaa vibaya. Nikatoka nje nikanunua maji, nikarudi. Ikapita. Saa tisa nilikuwa nashona kawaida. Nikajiambia kumbe inapita.

Jumapili iliyofuata mume wangu aliniuliza mwenyewe, "Huyo mnyama wako anakaa wapi?" Tukapanda daladala, tukavuka daraja. Njiani hakusema neno. Nilibeba karoti kilo mbili za soko la Stereo, naye akazipokea akazibeba yeye, mfuko akauning'iniza kwenye kidole kimoja kama kitu kinachonuka.

Bandani alisimama mbali, mikono nyuma. Saisi akamtoa Halua. Nikamwomba mume wangu anishikie ncha ya tepu, maana ilikuwa siku ya dawa ya minyoo na kweli nilihitaji mtu wa upande wa pili. Akasogea kama anayesogelea moto. Nikapitisha tepu chini ya kifua, nikamwambia aipokee kule na anirudishie juu ya mgongo. Nilisikia mkono wake umesimama. Nilijua umefika wapi. Nikamwacha. Akauliza, "Mbona polepole hivi?" Saisi akamjibu kama alivyonijibu mimi, akamtolea saa.

Alihesabu dakika nzima, midomo inacheza. Akasema 38. Saisi akasema 36. Wakabishana, wakahesabu tena.

Kifua kimekuwa 176, urefu ule ule. Mume wangu ni karani bandarini, mizigo ndiyo kazi yake, akapiga hesabu kwenye simu kabla ya kijiti cha saisi kumaliza mchangani: kilo 404. Akasema ameongezeka kilo tisa, na kwamba karoti zipunguzwe. Tangu lini yeye anampunguzia mtu karoti!

Hajanisamehe ile laki nne. Amesema itarudi, na itarudi kwa sketi, na mpaka mwisho wa Januari sitapanda Jumapili yoyote ambayo kuna oda haijatoka. Nimekubali. Saisi nilimwambia kuhusu zile dakika kumi. Hakunijibu, alinipa reki nikasafishe zizi la mwisho, lile la dume, na nimelisafisha. Mama mkwe bado anataka nipelekwe, na safari hii ameanza kumtazama na mwanawe kwa jicho hilo hilo, kwa sababu mezani jana mume wangu alisema neno "matiti" akimaanisha mwendo wa farasi mbele ya wageni na ikabidi aeleze.

Naacha hapa. Nina sketi kumi na mbili za kupiga pindo na umeme umesharudi.